Mombasa haina joto jingi, ina upepo uliozibwa

Kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, ikishakaza, kuanzia Januari hadi Machi, barazani huulizwa swali moja: leo nyuzi ngapi? Simu zatolewa mifukoni. Huyu asoma 32, yule 33, na wa tatu ana programu iliyoandika 39 kwa maelezo kuwa ndivyo mwili unavyohisi. Ubishi huanza hapo na haufiki popote, kwa sababu swali lenyewe limepotea njia. Garissa na Lodwar huzipita nyuzi hizo bila makelele, na mtu akijibanza kivulini huko hupata nafuu. Kipimajoto cha Mombasa mchana hakitishi. Kinachotesa ni kwamba usiku hakishuki sana chini ya 24 au 25, na hewa yenyewe imeshiba maji.

Hesabu ianzie hapo. Mtu aliyetulia tu mwili wake huzalisha joto kama la ile balbu ya zamani ya wati 100, na joto hilo halina budi kutoka. Hewa ya nje ikikaribia joto la ngozi, njia kubwa iliyobaki ni jasho kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoka na takriban kilojuli 2,400. Lita hiyo hiyo ikidondoka sakafuni imekwenda na maji yako na chumvi yako, joto imekuachia. Sasa hewa yenye unyevu wa asilimia 75 au 80 hailinywi jasho kwa haraka. Ule utando mwembamba wa hewa unaogusa ngozi hushiba upesi, na mtu hubaki ameloa chepe, hajapoa. Kinachouondoa utando huo na kuleta mwingine ni upepo. Kwa hiyo barazani pangefaa paulizwe: leo upepo uko wapi, na nani kauziba?

Waliojenga Mji wa Kale walilijibu swali hilo kwa jiwe na chokaa. Vichochoro vyembamba, nyumba zikitiliana kivuli, na vingi vyake vikiteremkia baharini ili pepo ziwe na pa kuingilia. Kuta za matumbawe zina unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana huchukua saa nyingi kupenya. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuruhusu upana zaidi ya mita 2.5 hadi 3 hivi, na dari iko juu. Tusizipambe nyumba hizo kupita kiasi: vyumba vya ndani havina madirisha, vina unyevu, na usiku wa tangambili, pepo zinapobadilishana zamu, navyo hutokota. Lakini aliyezijenga alijua yuko Mombasa. Ghorofa nyingi zinazopanda leo Majengo, Tudor na Bombolulu zingeweza kuwa za mji wowote: slabu tupu juu, ukuta wa tofali jembamba, nyumba zimepangwa pande mbili za ukumbi wa katikati, kila moja na madirisha ya upande mmoja tu. Hewa haina pa kutokea, basi haina sababu ya kuingia.

Katika kuipoza nyumba, paa ndilo la kwanza. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwendo wa tarehe 10 Machi jua hupita utosini kabisa, saa sita na nusu mchana. Saa hiyo kuta hazipati jua karibu lolote. Paa ndilo linalobeba mzigo. Slabu ya zege hunyonya joto mchana kutwa na kulitema chini saa chache baadaye, na ndiyo maana anayekaa ghorofa ya mwisho huhisi chumba kinazidi kuwa moto saa mbili usiku, jua lilishazama. Si uchawi, ni zege linalipa deni.

Dawa ya bei ndogo ni chokaa nyeupe, na wengi huikosea. Kwanza ziba nyufa, kwa sababu chokaa haizuii maji. Fagia vumbi, sugua ukungu mweusi kwa brashi ya waya, osha, acha paa likauke. Changanya ndoo moja ya chokaa ya unga na ndoo moja na nusu ya maji, ilale usiku kucha. Asubuhi yeyusha nusu kilo ya chumvi katika maji ya moto kwa kila lita 20 za mchanganyiko, tia na gundi nyeupe kidogo, kisha chuja kwa kitambaa. Uzito uwe kama wa tui jepesi, si tui zito. Pakaa alasiri jua likishapoa, na kabla ya kupakaa lowesha slabu, kwa maana chokaa hushika kwa kunyonya hewa taratibu ikiwa na unyevu. Ikipakwa juu ya zege linalounguza hukauka kabla haijashika na kesho yake unafagia unga. Mikono miwili au mitatu myembamba hushinda mmoja mnene, ambao hubanduka maganda. Vaa miwani na glavu, chokaa ikiingia jichoni ni hatari. Na kama maji ya mvua ya paa hilo yanakingwa tangini, yale ya mwanzo yamwagwe. Kazi ifanywe Desemba, mvua za vuli zikishapita. Masika itaiosha kiasi, na vumbi litaichafua, kwa hiyo ni kazi ya kila mwaka. Mwenye nyumba anayedai ni gharama apande mwenyewe saa nane mchana bila viatu, akanyage upande uliopakwa na upande usiopakwa.

Mabati ni habari nyingine. Chokaa haishiki vizuri hapo. Inatakiwa rangi nyeupe ya mabati, juu ya bati lisilo na kutu. Chini ya bati wengi hutandika ile karatasi ya kung'aa wakaona haina faida. Kosa huwa ni moja: wameigandisha na bati. Karatasi hiyo hufanya kazi kwa kukataa kumulika joto, na haiwezi kukataa chochote ikiwa imeguswa. Inahitaji mwanya wa hewa wa angalau sentimita 2.5, upande unaong'aa ukitazama chini, maana upande unaotazama juu huvaa vumbi na kupofuka. Toboa matundu pande mbili za kipembe cha paa, yawekwe wavu wa waya wa kuzuia popo, na hewa ya moto itatoka yenyewe. Makuti hayahitaji ujanja wote huu, ila moto ukianza hayasubiri mtu.

Kuta za magharibi ndizo za pili. Jua la saa tisa hulala na kupenya dirishani moja kwa moja. Pazia la ndani, hata liwe zito namna gani, hulikamata jua likiwa limeshaingia; kioo kimeshalipitisha, na joto limekuwa mgeni wa nyumba. Kivuli kiwe nje: pazia la mianzi, mkeka mkongwe, turubai lililoachwa mwanya, mpapai hata. Madirisha ya kusukuma ya alumini, yaliyoenea kwa sababu ni rahisi kufunga, hufunguka nusu tu ya uwazi wake. Ukiwa unajenga, taka ya bawaba. Na dirisha moja kubwa halifui dafu mbele ya mawili madogo yaliyotazamana, kwa kuwa upepo hupita pale tu penye kutokea. Nyumba yenye madirisha upande mmoja inaweza kuokolewa kwa kukata tundu juu ya mlango wa mbele, kama zilivyokuwa nyumba za zamani, likatiwa nondo kwa usalama.

Kuhusu feni, watu wanailaumu bure. Feni haipozi chumba, inapoza mtu. Ikizunguka chumba kitupu inaongeza joto la mota yake tu. Maadamu hewa iko chini ya nyuzi 35, na Mombasa karibu siku zote iko hapo chini, upepo wa feni husaidia. Ya darini ikae angalau mita 2.3 kutoka sakafuni, na mapanga yake yawe kama sentimita 30 chini ya dari, la sivyo hukosa hewa ya kuvuta. Ikianza kuzunguka kwa uvivu hata kwenye namba tano, kabla ya kununua nyingine mwambie fundi apime kapasita, kile kidude cha maikrofaradi 2 hadi 3 ambacho bei yake ni ya vikombe vichache vya chai. Hudhoofika kwa joto, na feni nyingi hutupwa zikiwa nzima. Kisha zima umeme, futa mapanga. Vumbi na chumvi ya bahari hutengeneza utando unaopunguza upepo waziwazi.

Chandarua nacho huiba upepo, na si la kufanyiwa mzaha, mbu wapo. Feni ya miguu isogezwe karibu na wavu, upande wa kichwani, badala ya kutegemea ya darini. Godoro la sponji huhifadhi joto la mgongo; kitanda cha kamba chenye mkeka au godoro jembamba la sufi hupitisha hewa chini. Wazee hawakukosea kitu hapo.

Kuna bidhaa moja inayostahili kusemwa vibaya. Ni zile feni za maji, zenye tangi na sifongo, zinazouzwa kila msimu kama kiyoyozi cha maskini. Zinafanya kazi kwa kuvukiza maji. Nairobi au Garissa, hewa ikiwa kavu, zinapoza kweli. Mombasa, hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65 hushuka nyuzi tatu au nne hivi ikipita kwenye sifongo, na hutoka na unyevu unaokaribia asilimia 90. Umenunua upepo wa baridi kidogo kwa dakika chache, kisha chumba kilichofungwa kimekuwa kama bafu. Mtungi wa udongo hufuata kanuni hiyo hiyo, na ndiyo maana uwekwe dirishani penye upepo, si pembeni mwa jikoni.

Kiyoyozi chenyewe hupoza na hukausha, na ukavu ndio thamani yake hapa. Chumba cha mita 3 kwa 4 hutosha cha BTU 9,000, kipimo cha nguvu ya kupoza. Kikubwa zaidi ni hasara mara mbili: hupoza hewa upesi, hujizima kabla hakijakamua unyevu, na watu hulala kwenye baridi yenye majimaji. Kiwekwe 26, feni ikizunguka polepole, badala ya 18 na mablanketi. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni yuniti 0.6 za umeme, kiyoyozi hicho kwa saa nane ni yuniti tano hadi saba. Chujio lioshwe kila wiki mbili. Sehemu ya nje imwagiwe maji baridi, si ya kisima cha chumvi, kila mwezi, kwa sababu hewa ya pwani hula mapezi ya alumini mpaka yakawa majivu. Kikianza kudondosha maji ukutani, mara nyingi bomba la kutolea maji limezibwa na utelezi.

Nyumba ikishatengenea, iliyobaki ni saa. Mombasa inayofurahiwa wakati wa kaskazi ni ya alfajiri na ya baada ya alasiri. Katikati ni ya kulala au ya ofisi. Anayepanga matembezi ya saa saba kwa vile ndivyo alivyozoea Nairobi ataiona Fort Jesus kupitia jasho. Ngome hiyo iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na kuta zake nene, ifikiwe saa mbili asubuhi. Soko la Kongowea limalizwe kabla ya saa tatu. Jioni ni ufukweni mwa Mama Ngina, chini ya mibuyu, penye upepo wa mlangoni mwa Kilindini usiopita mtaani. Pale mihogo ya kukaanga yenye chumvi, pilipili na ndimu, pamoja na dafu, ni tiba iliyojificha kwenye anasa: dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, na muhogo unaileta chumvi iliyokosekana. Juisi ya ukwaju na ya miwa ni tamu, ila mwulize muuzaji barafu imetoka maji gani. Barafu haiui vijidudu vya kuhara.

Bahari ina ratiba yake, na wageni wengi hawaijui. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, yaani hupanda na kushuka kupita siku nyingine: hujaa mwendo wa saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa saa nne au tano asubuhi. Kila siku nyakati husogea kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, na mambo yamegeuka: yamejaa saa nne asubuhi, na jioni yamepwa. Kwa hiyo mwogeleaji wa jioni atazame mwezi kabla ya kutazama saa. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji yanayotoka hukimbia kwa nguvu zaidi kuanzia saa ya tatu baada ya kujaa. Usiogelee wakati huo karibu na mlango wa mwamba, wala chini ya daraja la Nyali, wala upande wa feri Likoni. Ukitembea juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa, vaa viatu vya mpira na uanze kurudi kabla maji hayajageuka.

Lipo jambo moja la kuwaambia wazazi. Idi ya baada ya Ramadhani siku zote huangukia mwandamo, maana yake bamvua. Umati wa ufuo wa Pirates wa alasiri ya Idi hukuta maji yamejaa, mchanga umebaki ukanda mwembamba, watoto wamesongamana, na kisha maji yaanza kuvuta kurudi jua likiwa linazama. Mtoto asiyejua kuogelea asipite maji ya goti, na mtu mzima mmoja awe hana kazi nyingine ila kumtazama.

Ramadhani yenyewe miaka hii imekutana na Februari na Machi, na kila mwaka husogea nyuma kama siku 11. Kutoka futari, mwendo wa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, hadi daku kuna saa kumi hivi za kunywa. Glasi moja kila saa hufaa kuliko lita nzima kwa mkupuo wa magharibi, ambayo huishia chooni. Aliyetoka jasho jingi, hasa wasukuma mkokoteni na waendesha boda, anywe maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa. Zaidi ya hapo chumvi inadhuru.

Mavazi hayana siri: pamba nyepesi, yenye nafasi. Kikoi, kanzu, leso, dera. Buibui jeusi halina hatia likiwa pana, kwani hewa hupanda ndani yake. Lililobana la nailoni ndilo linalochemsha. Harara za mtoto zioshwe kwa maji baridi na zikaushwe. Mafuta mazito ya mgando huziba vinyweleo na kuzidisha.

Yupo wa kukimbiziwa hospitali, na dalili zake zijulikane: mwili moto sana, maneno hayaeleweki, anayumba au amezimia, pengine hata jasho lingali linamtoka. Huyo hasubiri gari ndipo apozwe. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima mfululizo huku mkimpepea kwa nguvu, barafu iliyofungwa kitambaani iwekwe kwapani na kinenani. Msimnyweshe mtu asiyejitambua.

Linabaki la mji. Mtu wa chumba kimoja Kisauni hawezi kununua upepo, lakini bahari iko kilomita chache tu, na upepo wake ni wa bure ukifikika. Nyuma ya hoteli na majumba ya ufuoni, njia za umma za kushukia baharini ni vichochoro kati ya kuta mbili ndefu, vingine vina geti na mlinzi anayeuliza unakwenda wapi. Taa zikiwaka usiku, vyoo vikawa wazi hadi saa tano, na matatu zikaendelea kurudi Kisauni na Likoni saa hiyo, familia nyingi zingetumia pwani kama sebule kwa miezi mitatu. Sasa hivi jua linapozama, saa ile upepo unapoanza kuwa mtamu, ndipo watu wanapoanza kukimbilia magari.

Mwisho wa Machi kaskazi huchoka na kusi, upepo wa kusini, haijafika. Bendera hulala kwenye mlingoti, jahazi huning'iniza tanga. Hizo ndizo wiki za kuzima jiko la ndani mapema, kupika uani, na kumhamishia mgonjwa na mzee chumba cha chini, maana hapo hata dirisha zuri halina la kuingiza.